Ramu inapoamshwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu programu dhibiti na kumbukumbu ya kompyuta

Hapa yamekusanywa maswali ambayo mafundi wa Mwanga na Ujiji, wanafunzi wa kompyuta hapa Kigoma, na wenzetu wanaopiga simu kutoka Kasulu na Tabora huuliza tena na tena. Yote yanahusu kipande kifupi cha kazi: muda kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kioo kuonyesha chochote. Mashine nyingi hutangazwa zimekufa katika kipande hicho. Mteja anaambiwa aagize mazabodi nyingine Dar, analipa na nauli ya mzigo, kumbe hitilafu ilikuwa ndogo na ilikuwa na mahali pake. Kama unaanza, soma kwa mfuatano. Kama mashine iko mezani sasa hivi, ruka hadi sehemu ya tatu.

## 1. Mambo ya mwanzo

Kompyuta inafanya nini kabla kioo hakijawaka?

Prosesa ikishapata umeme uliotulia, huanza kusoma amri kutoka anwani moja inayojulikana. Kwa familia ya x86 (prosesa za Intel na AMD) anwani hiyo ni 0xFFFFFFF0, yaani baiti 16 chini ya mpaka wa GB 4, na kinachokaa pale ni chipu ya flashi yenye BIOS, yaani programu dhibiti inayoiamsha mashine. Ramu wakati huo imeshafikiwa na umeme lakini haitumiki. Kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kiko ndani ya prosesa yenyewe, hakijui kimechomekewa ramu ya aina gani, ina ukubwa gani, wala iendeshwe kwa kasi gani.

Kwa hiyo programu dhibiti ina kazi tatu, na haziwezi kupishana: kuiuliza ramu ni ya aina gani, kuamua mipangilio itakayoifaa, kisha kulinganisha muda wa ishara mpaka data iende na kurudi bila kosa. Karibu kila tatizo la ramu wakati wa kuwasha linaangukia kwenye mojawapo ya hatua hizo. Ramu haijibu. Au imejibu lakini haifai. Au inafaa lakini imeshindwa kulingana. Jiulize kwanza uko kwenye ipi kabla hujasema neno "mbovu" mbele ya mteja.

Kama ramu bado haijaamka, hiyo programu inafanyia kazi wapi?

Amri zinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa hiyo hilo si tatizo. Tatizo ni pa kuweka mahesabu ya njiani. Njia inayotumika ni kuifunga kashe ya prosesa, kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake, isimwage chochote nje, ikawa ramu ndogo ya muda. Ramu halisi ikishaamka, kashe inarudishwa kwenye kazi yake ya kawaida.

Zamani watengenezaji wa LinuxBIOS, mradi ambao leo unaitwa coreboot, hawakuwa na nafasi hiyo. Eric Biederman aliwaandikia kikusanyaji kilichoitwa romcc, ambacho kiligeuza programu ya C kuwa amri zinazotunza kila kitu ndani ya rejista tu, yaani vishikio vidogo vya namba vya prosesa. Rejista zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole. Mwanafunzi anayedhani kazi ya programu ni kupanga vitufe kwenye skrini aisome kazi ile, ataona ufundi ni nini.

SPD ni nini?

Ni maelezo ya ramu yaliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ya EEPROM (isiyosahau umeme ukizimwa), mara nyingi yenye miguu 8, iliyo juu ya ubao wa ramu wenyewe. Mpangilio wake umewekwa na JEDEC, chombo kinachotunga viwango vya kumbukumbu, ndiyo maana ramu ya kampuni moja inasomeka kwenye mashine ya kampuni nyingine. Chipu hii haibebi data yako hata kidogo. Lakini ikinyamaza, BIOS nyingi huihesabu sloti ile kuwa tupu, hata kama chipu zote kubwa nyeusi ni nzima kabisa.

## 2. Mazungumzo na ramu

Wanaongea vipi hasa?

Kwa nyaya mbili za SMBus, ndugu wa I2C: SCL inapiga mapigo na SDA inabeba data. Kasi yake ya kawaida ni kilohezi 100, ndogo mno ukilinganisha na kasi ya ramu yenyewe. Chipu za SPD huitikia kwenye anwani 0x50 hadi 0x57, na anayegawa anwani ni sloti: pini za SA zimefungwa juu au chini kwenye mazabodi. Ramu ileile ukiihamisha sloti, inabadilika anwani.

Tufuate kusoma baiti ya 2. Kidhibiti kinashusha SDA wakati SCL iko juu. Hiyo ni ishara ya kuanza. Kinatuma biti 7 za anwani 0x50 na biti moja ya kusema "naandika", halafu kinaiachia SDA na kusubiri pigo moja. Kama kuna ramu, chipu yake inaishusha SDA: nipo. Kwenye pigo hilo moja ndipo sloti inapotambuliwa ina kitu. Kidhibiti kinatuma namba 2, kinaanza upya, kinarudia anwani na biti ya "nasoma", na chipu inatoa biti 8. Ikitoka 0x0B ni DDR3, 0x0C ni DDR4, 0x12 ni DDR5, ambavyo ni vizazi vya ramu. Asipokuwepo wa kushusha SDA, programu inaandika "tupu" na kwenda 0x51.

Baiti moja kwa njia hii hula mapigo karibu 40. Baiti 256 za DDR3 ni kama sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila ramu, na ndiyo maana programu iliyoandikwa vizuri husoma mara moja na kutunza.

Ukubwa wa ramu umeandikwa wazi humo?

Kwenye DDR3 na DDR4, hapana. Programu inapiga hesabu. Tuseme SPD inasema kila chipu ina gigabiti 4, upana wake ni biti 8, njia ya data ni biti 64, na safu (kundi la chipu linalojaza njia nzima ya data) ni mbili. Gigabiti 4 ni nusu GB. Biti 64 kugawanya kwa 8 ni chipu 8 kwa safu, hivyo GB 4 kwa safu, na safu mbili zinakupa GB 8. Baiti moja ikiharibika kwenye mlolongo huo, jibu zima linapotoka.

Baiti zipi fundi azijue?

Kwa DDR3: ya 2 ni aina ya kumbukumbu, ya 3 ni umbo (0x02 ya kompyuta ya mezani, 0x03 ya laptopu), ya 6 ni volti, na ya 126 na 127 ni namba ya uhakiki ya CRC. Programu hukokotoa CRC upya na kulinganisha. Zikitofautiana, maelezo yameharibika. Ya 6 ndiyo inayosumbua zaidi mitaani, na ina swali lake katika sehemu ya tatu.

DDR4 na DDR5 zimebadilisha nini?

SPD ya DDR4 ni baiti 512, lakini anwani ya ndani bado inafika 256 tu. Ikagawanywa kurasa mbili: ukiandika kwenye 0x36 unapata ukurasa wa kwanza, 0x37 wa pili. Amri hiyo husikiwa na ramu zote kwa pamoja, kwa hiyo programu ikisahau kurudisha ukurasa wa kwanza, anayesoma baada yake anapata maelezo ya mahali pengine.

DDR5 ina baiti 1024, na chipu yake imekuwa kituo chenye kipima joto ndani. Pia umeme wa ramu sasa unapangwa juu ya ramu yenyewe na chipu maalumu ya umeme. Maana yake kwa fundi: ramu ya DDR5 inaweza kujibu SPD vizuri na bado chipu zake za data zikawa hazina umeme.

SPD imesomeka. Mbona bado kuna kazi?

Kwa sababu maelezo yanasema ramu inaweza nini. Hayasemi waya za mazabodi yako zina urefu gani.

Kwanza kuna taratibu ya JEDEC. Kwa DDR3 laini ya RESET inashikiliwa chini kwa angalau mikrosekunde 200 baada ya umeme kutulia, kisha zinasubiriwa mikrosekunde 500 kabla ya kuruhusu saa ya ramu. Zinaandikwa rejista za mipangilio zilizo ndani ya ramu: MR2, MR3, MR1, halafu MR0. Baadaye ramu inapima ukinzani wake dhidi ya kizuizi cha omu 240.

Kisha ndipo penye utamu. Tangu DDR3, waya za saa na amri hupita chipu moja baada ya nyingine, lakini waya za data huenda moja kwa moja kwa kila chipu. Saa inaifikia chipu ya kwanza mapema na ya mwisho kwa kuchelewa, kwa hiyo kila kundi la data linahitaji ucheleweshaji wake. Programu inaiweka ramu katika hali maalumu na kutuma pigo la DQS, waya unaoashiria wakati wa data. Chipu inatazama saa iko juu au chini wakati pigo linafika, na kujibu 1 au 0 kwenye waya wa data. Inajibu 0. Programu inasogeza pigo kidogo na kutuma tena. 0, 0, 0, kisha 1. Pale 0 ilipogeuka 1 ndipo kingo za pigo na saa zimekutana, na namba ile inahifadhiwa. Inahamia kundi linalofuata.

Kwa upande wa kusoma, programu inaandika ruwaza inayoijua, inaisoma ikisogeza muda mpaka ikosee upande mmoja, inarudi mpaka ikosee upande wa pili, na kukaa katikati. Nafasi ikiwa nyembamba, mashine itawaka leo na kukataa kesho joto likibadilika.

Kompyuta mpya ya DDR5 imekaa kioo cheusi dakika nzima. Nizime?

Usizime. Kwa kasi ya DDR5 kulinganisha ni kazi ndefu, na ramu kubwa ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa. Matokeo huhifadhiwa kwenye flashi, hivyo mara ya pili inawaka haraka. Ukibadilisha ramu, ukaihamisha sloti, au ukafuta CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa), kazi inaweza kuanza upya. Umeme ukikatika katikati ya kulinganisha, hakuna kinachoharibika. Ukikatika wakati wa kuandika BIOS mpya, hilo ni jambo jingine kabisa: usifanye kazi hiyo bila UPS, au bila betri ya laptopu iliyojaa.

## 3. Kwenye benchi

Feni inazunguka, kioo cheusi. Ni ramu?

Inawezekana, na unaweza kujua zaidi kabla ya kubadilisha chochote. Kama mashine ina BIOS ya AMI Aptio na una kadi ya kusoma kodi za port 80 (namba ambazo BIOS hutoa kuonyesha imefika hatua gani), tazama inasimama wapi. Kodi 2B ni kusoma SPD, 2C kutambua uwepo, 2D kupanga muda, 2E kusanidi. Za makosa: 50 ni aina au kasi isiyofaa, 51 ni SPD imeshindwa kusomeka, 53 ni hakuna kumbukumbu inayotumika, 55 ni ramu haipo. Laptopu nyingi za Dell za miaka ya karibuni hutumia taa: kaharabu mara 2 kisha nyeupe mara 3 ni ramu haikuonekana, 2 na 4 ni ramu imefeli, 2 na 5 ni ramu isiyofaa. Linganisha na zile hatua tatu za swali la kwanza, utaona mashine yenyewe inakutajia iko wapi.

Bila kodi wala taa, chomoa ramu zote uwashe. Mashine iliyokuwa kimya ikilia bila ramu, ujue prosesa na BIOS viko hai, na hilo peke yake limeokoa mazabodi nyingi. Isipolia si ushahidi wa kitu, maana laptopu nyingi hazina mlio.

Nimesugua ramu na raba, bado haionekani. Kwa nini?

Angalia umesugua wapi. Kwenye ramu ya DDR3 ya laptopu, pini za mazungumzo zimejikusanya mwishoni: 197 na 201 za anwani na 199 ya umeme wa SPD upande mmoja, 200 ya SDA na 202 ya SCL upande wa pili. Raba hupita katikati kwa nguvu na kuacha ncha. Unyevu wa ziwani na vumbi letu jekundu hufanya utando mwembamba palepale, na ramu inakuwa bubu ingawa waya zote 64 za data ni safi.

Mimi sipendi raba. Dhahabu ya pini ni nyembamba, na unga wa raba unaingia kwenye sloti. Tumia spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ya duka la dawa huwa na maji, kwa hiyo subiri ikauke kabisa. Sloti nayo isafishe, watu huisahau.

Baada ya hapo chukua mita, mashine ikiwa imewashwa. Pini ya 199 iwe na karibu volti 3.3, na SDA na SCL zikitulia ziwe juu. SDA ikibaki sifuri muda wote, kuna kitu kwenye njia kinaishikilia, na huenda si ramu: kuna chipu nyingine zinazotumia SMBus hiyohiyo.

Ramu ya DDR3 imeingia vizuri kwenye laptopu ya DDR3L lakini haiwaki. Si zinafanana?

Zinafanana umbo, pini 204 na pengo mahali palepale, na ndiyo maana watu wanaumia. DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5. DDR3L inaendeshwa kwa 1.35 na inavumilia 1.5 pia. Baiti ya 6 ndiyo inayosema: 0x00 ni 1.5 tu, 0x02 ni zote mbili. Laptopu nyembamba za Intel kizazi cha 4 na baada yake zenye sloti hizo zinatoa 1.35 tu. Hapo ramu imejibu na haifai. Si mbovu, na muuzaji aliyekuuzia anapaswa kukubadilishia.

Nimeweka GB 8, inaonyesha GB 4 au chini.

Anza na Windows: toleo la biti 32 la kawaida halivuki GB 4, na huonyesha 3 na kitu. Kama BIOS yenyewe inasema 4, huenda kidhibiti cha mashine ya zamani hakiwezi kufikia chipu zenye ujazo huo. Pungufu ndogo ya mamia ya megabaiti ni sehemu iliyotengewa picha, iache.

Naweza kuchanganya ramu za kasi tofauti?

Ndiyo, mara nyingi. Programu husoma SPD zote na kuchagua kasi inayozifaa zote, yaani ya ile ya chini. Zikikataa pamoja lakini kila moja inawaka peke yake, shida iko kwenye kulinganisha. Zipishane sloti ujaribu tena.

Naweza kusoma SPD mwenyewe bila kufungua mashine?

Kwenye Linux, sakinisha i2c-tools na utumie decode-dimms. DDR4 inahitaji kiendeshi cha ee1004, DDR5 cha spd5118. Soma tu. Usiandike kwenye 0x50 hadi 0x57, na usitembeze programu za kuchungua anwani ovyo: baadhi ya ThinkPad za zamani zenye chipu ya 24RF08 ziliwahi kuharibika maelezo yake kwa uchunguzi wa namna hiyo.

## 4. Mambo ya pembeni

Laptopu ina ramu iliyochomelewa kwenye mazabodi. SPD yake iko wapi?

Mara nyingi chipu ya SPD haipo kabisa. Maelezo yako ndani ya BIOS, na mashine inachagua seti ipi kwa kusoma vizuizi vidogo kwenye mazabodi. Ndiyo maana kuongeza ujazo kwa kuchomelea chipu kubwa hakutoshi. Vizuizi navyo vihamishwe, au BIOS irekebishwe. Na ndiyo maana BIOS ya mazabodi inayofanana kwa sura, yenye ramu tofauti, inaweza kuzima mashine iliyokuwa nzima.

SPD ikiharibika inatengenezeka?

Ndiyo. Unahitaji programa ya chipu za familia ya 24 na nakala ya SPD kutoka ramu inayofanana kabisa: mtengenezaji, namba ya modeli na chipu zilezile. Hifadhi kwanza kilichomo, hata kama kimeharibika. DDR4 ina vipande vinne vya baiti 128 vinavyoweza kufungwa visiandikwe. Ukiandika na kisibadilike, sababu ni hiyo.

Kuna SPD za uongo?

Zipo. SPD ni kama lebo iliyoshonwa kwenye gunia la dagaa pale Kibirizi: inasema kilichomo, lakini aliyeishona ni mtu. Anayeuza ramu iliyotumika anaweza kuandika ujazo au kasi isiyo yake, na BIOS ikaamini. Pitisha Memtest86+ mpaka mwisho kabla ya kulipa, kwa sababu yenyewe inaandika na kusoma kila sehemu.

Jambo hili limefika hata kwenye seva kubwa. Desemba 2024 watafiti walitangaza shambulio waliloliita BadRAM: kwa kubadilisha SPD ili ramu ijitangaze kubwa kuliko ilivyo, walipata anwani mbili zinazofika sehemu moja, na kuvuka ulinzi wa AMD wa mashine pepe. Vifaa vyao viligharimu kama dola 10. AMD ilitoa programu dhibiti mpya inayohakiki madai ya ramu wakati wa kuwasha.

Nataka kusoma programu yenyewe. Nianzie wapi?

Anza na coreboot. Ron Minnich aliianzisha mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa jina la LinuxBIOS. Jina la sasa lilikuja 2008. Nenda moja kwa moja kwenye saraka ya src/northbridge/intel/sandybridge. Humo kuna kazi nzima ya kuamsha DDR3, kuanzia SPD hadi kulinganisha, kwa C inayosomeka, na ndiyo inayoziwasha ThinkPad X220 na X230 zenye coreboot. Fungua pamoja na swali la "SPD imesomeka, mbona bado kuna kazi", utaikuta ile hesabu ya 0, 0, 0, 1 ikiwa kitanzi.

Mashine mpya zaidi hazitakupa nafasi hiyo. Kwa Intel, sehemu ya kumbukumbu huja ikiwa imefungwa ndani ya kifurushi cha FSP. Kwa AMD za familia ya Zen, prosesa ndogo ya usalama huiamsha ramu kabla viini vya x86 havijaanza kabisa, kwa hiyo hata ile kashe ya muda haihitajiki. Mwanafunzi mwenye X220 kuukuu ana kitabu wazi kuliko mwenye laptopu ya mwaka huu; programa ya flashi na klipu ya miguu 8 vinatosha kuanza, na nakala mbili za BIOS ya asili ziwe zimehifadhiwa kabla hajaandika chochote.